Jua Tunalo, Mbona Miguu Yapinda?

Kila aliyefika Goma anaijua chukudu. Ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina mnyororo wala kanyagio, nacho hubeba magunia ya viazi na makaa kutoka milimani hata sokoni. Fundi mwenye akili hukichonga kwa mti mgumu. Akitumia mti mlaini, chukudu haitavunjika siku ya kwanza. Itapinda kidogo leo, kidogo kesho, mpaka mwenyewe aone kwamba haifai tena kwa safari.

Mifupa ya mtoto ni vivyo hivyo. Mfupa uliokosa ugumu wake hupinda polepole chini ya uzito wa mwili, na mara nyingi wazazi huutambua upinde huo siku ambayo umekwisha kuwa mkubwa. Huo ndio ugonjwa wa matege. Hebu tusikilize mazungumzo ya mama mmoja na mganga wa zahanati, kama yanavyoweza kusikika katika mtaa wowote wa Goma, iwe Majengo, Katindo au Ndosho.

— Mganga, mtazame mwanangu. Miguu yake imekuwa kama upinde. Majirani wanasema amerogwa.

— Pole, Mama. Ana umri gani?

— Miaka mitatu na nusu.

— Hula nini nyumbani?

— Asubuhi uji wa mahindi, jioni bugali ya muhogo na sombe. Nyama ni ya sikukuu. Maziwa ni ghali.

— Mmempa dawa gani?

— Nimemnunulia ampuli tatu za vitamini D katika duka la dawa. Mwezi umepita, na miguu ni ile ile. Sasa wananishauri ninunue ya nne.

— Usinunue ya nne, Mama. Kwanza tujue mwili wa mtoto huyu unakosa nini.

Mama huyu si mjinga. Alisikia kwamba vitamini D husaidia kujenga mifupa, nayo ni kweli. Alitoa fedha aliyoipata kwa jasho ili amponye mtoto wake. Lakini alikuwa amepata nusu ya habari tu, na nusu ya habari yaweza kumpoteza mtu njia. Basi na tuitafute nusu iliyobaki.

Jinsi vitamini hii ilivyogunduliwa

Katika karne ya kumi na tisa, miji ya Ulaya iliyofunikwa na moshi wa viwanda ilijaa watoto wenye matege. Mwaka 1890 daktari Mwingereza aitwaye Theobald Palm, aliyekuwa amefanya kazi ya umisionari huko Japani, aliandika kwamba ugonjwa huu ni haba katika nchi zenye jua jingi, hata pale ambapo watu wake ni maskini. Akashauri watoto watolewe nje wapate mwanga.

Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky, daktari wa Berlin, aliwaponya watoto wenye matege kwa taa zenye miali kama ile ya jua. Alipoumulika mkono mmoja tu wa mtoto, mifupa ya mkono wa pili nayo ilipona. Ikawa wazi kwamba ngozi iliyopata mwanga hutengeneza kitu fulani, na kwamba kitu hicho husafiri katika damu. Wakati huo huo Mwingereza Edward Mellanby alionyesha kwa mbwa kwamba mafuta ya ini la samaki huzuia matege. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum alikitambulisha kitu kilichomo katika mafuta yale. Kwa kuwa herufi A, B na C zilikwisha kutumika kwa vitamini nyingine, hiki kikapewa herufi D.

Basi vitamini D ina milango miwili ya kuingilia mwilini: ngozi na kinywa. Mlango wa ngozi ndio mkubwa. Vyakula vyenye vitamini hii kwa wingi ni vichache: samaki wenye mafuta, ini, kiini cha yai, na vyakula ambavyo viwanda vimeviongezea.

Safari yake ndani ya mwili

Miali ya jua inapoipiga ngozi, hugeuza mafuta fulani yaliyomo humo kuwa vitamini D. Vitamini hiyo, pamoja na ile iliyomezwa, huenda kwenye ini. Ini huigeuza kuwa akiba, ambayo hukaa katika damu kwa majuma kadhaa. Kisha figo huchukua sehemu ya akiba hiyo na kuigeuza mara ya pili, iwe na nguvu ya kufanya kazi. Hii iliyogeuzwa na figo hudumu kwa saa chache tu, lakini ndiyo inayoyaamuru matumbo yapokee kalsiamu iliyomo katika chakula na kuipitisha katika damu, ipate kufika mifupani.

Kalsiamu ndiyo chokaa ya mifupa yetu. Hapa angalia vema, msomaji mpendwa: vitamini D si tofali la mfupa. Ni kama msimamizi anayefungua lango la kiwanja ili mawe yaingie na nyumba ijengwe. Msimamizi asipokuwapo, mawe hubaki nje. Lakini akiwapo msimamizi na mawe hayapo, nyumba haitainuka vilevile, hata ukileta wasimamizi kumi.

Kipimo cha damu husema nini?

Mtu akitaka kujua kiasi cha vitamini D alichonacho, hupimwa ile akiba iliyotengenezwa na ini, kwa sababu ndiyo inayodumu. Lakini karatasi za maabara huwachanganya wengi. Jirani mmoja huletewa karatasi yenye namba 20, mwingine yenye namba 50, na yule wa kwanza huingiwa na hofu. Kumbe wote wawili wako sawa! Maabara moja imehesabu kwa nanogramu katika mililita, nyingine kwa nanomoli katika lita. Ukitaka kugeuza nanogramu kuwa nanomoli, zidisha mara mbili na nusu. Kwa hiyo, kabla ya kuisoma namba, soma kwanza maneno yanayoifuata.

Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka mipaka ambayo wengi huifuata. Chini ya nanomoli 30, yaani nanogramu 12, mtu ana upungufu, na mifupa yake yaweza kudhurika. Kati ya 30 na 50, kiasi chaweza kuwa hakitoshi. Kuanzia nanomoli 50, yaani nanogramu 20, watu walio wengi wametosheka. Kupita nanomoli 125 hakuna faida iliyothibitishwa, na huenda kukawa na madhara. Madaktari wengine hupenda mpaka wa juu kidogo kuliko huo wa 50, nao hawajapatana bado.

Je, Mwafrika anayeishi juani hufikia wapi? Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya vipimo vya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania, watu waliokuwa wakiishi kwa desturi za wazee wao, wengine wakichunga ng'ombe, wengine wakiwinda na kuchuma matunda ya porini. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115. Hawakumeza kidonge chochote. Jua la nchi zetu, kwa mtu aishiye nje mchana, latosha kabisa, hata kama ngozi yake ni nyeusi.

Goma iko chini kidogo tu ya ikweta, tena juu ya mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambapo miali ya jua ni mikali mwaka mzima. Walakini jua halimsaidii mtu aliyejificha nalo. Mtoto mchanga anayefunikwa nguo nzito na kufungiwa chumbani miezi mingi, mgonjwa asiyetoka kitandani, mfanyakazi anayeingia dukani alfajiri na kutoka jioni, hao wote waweza kupungukiwa ingawa jua linawaka juu ya bati. Na katika siku za vita, kama zile za Januari 2025, hofu huwafungia ndani hata watoto waliozoea kucheza njiani.

Kwa nini dawa ile ile haizai matunda yale yale?

Watu wawili waweza kumeza dawa moja, kwa kipimo kimoja, kwa miezi mitatu; mmoja akapanda sana, mwingine akapanda kidogo. Si lazima dawa iwe mbovu. Zipo sababu nyingi.

Kwanza, mahali alipoanzia. Aliye chini sana hupanda upesi. Aliyekwisha kutosheka hupanda polepole. Mwili hauijazi ghala iliyojaa kwa bidii ile ile ya kuijaza ghala tupu.

Pili, unene. Vitamini hii huyeyuka katika mafuta, na mwili mnene huitawanya na kuificha humo. Mtu mnene sana aweza kuhitaji mara mbili au tatu ya kipimo cha mwenzake.

Tatu, namna ya kuimeza. Ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo huingia vizuri zaidi kuliko ikimezwa na chai tupu. Mwenye ugonjwa wa matumbo unaomzuia kupokea mafuta huipoteza nyingi.

Nne, aina ya vitamini. Ipo D2, itokanayo na uyoga na hamira, na ipo D3, ile ambayo ngozi yetu hutengeneza. Kwa kawaida D3 huinua akiba zaidi na kuitunza kwa muda mrefu zaidi.

Tano, dawa nyingine. Fenobarbitali na fenitoini zinazopewa wenye kifafa, na rifampisini inayopewa wenye kifua kikuu, huharakisha kuivunja vitamini D mwilini. Asiache mtu dawa hizo hata siku moja kwa sababu hiyo! Amweleze mganga wake, naye ataangalia la kufanya. Wenye ugonjwa wa ini au wa figo nao wana hesabu yao, maana ndivyo viungo vinavyoigeuza vitamini ifanye kazi.

Sita, muda. Akiba ya damu haitulii kwa juma moja wala mawili. Kwa anayemeza kipimo kile kile kila siku, hutulia baada ya miezi mitatu hivi. Anayekimbilia maabara baada ya siku kumi, kisha akaongeza dawa kwa kuwa namba haikumpendeza, ni kama mkulima anayefukua mbegu kila asubuhi aone kama imeota.

Fundisho kutoka Nigeria

Sasa turudi kwa mtoto wetu mwenye matege. Huko Jos, mji wa Nigeria wenye jua jingi, madaktari waliona watoto wengi wenye miguu iliyopinda, nao wakashangaa: jua lipo, mbona matege? Wakachukua watoto 123 wagonjwa, wakawagawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa kalsiamu. La pili lilipewa vitamini D kwa sindano kubwa. La tatu lilipewa vyote viwili. Baada ya majuma 24 waliwapima damu na mifupa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalikuwa haya: waliofikia kipimo cha kupona walikuwa watoto 61 katika kila mia kwa waliopata kalsiamu peke yake, na 58 katika kila mia kwa waliopata vyote viwili. Lakini kwa waliopata vitamini D peke yake walikuwa 19 tu katika kila mia! Watoto hao walikuwa wakila karibu miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Msimamizi alikuwapo kiwanjani. Yaliyokosekana ni mawe.

Ndiyo sababu wataalamu wa matege wa nchi nyingi, katika mapatano yao ya mwaka 2016, walisema kwamba mtoto aliyepita mwaka mmoja akipata chini ya miligramu 300 za kalsiamu kwa siku yuko hatarini, hata kama vitamini D anayo, na akizidi 500 anatosheka. Wakashauri pia kwamba katika kutibu, mtoto apewe vitamini D pamoja na kalsiamu. Sasa utazame tena mlo wa yule mtoto: uji wa mahindi, bugali ya muhogo. Unga huo hushibisha tumbo, lakini kalsiamu yake ni kidogo sana.

Kupita kiasi ni hatari

Labda msomaji atasema: «Kama haidhuru, nimpe tu.» Kumbe hudhuru. Jua haliwezi kumlevya mtu kwa vitamini D, kwa maana likizidi, ngozi yenyewe huiharibu ile iliyozidi. Lakini kinywa hakina mlinzi wa namna hiyo. Aliyemeza kupita kiasi hujaa kalsiamu katika damu: hutapika, hukosa hamu ya chakula, hupata kiu na kukojoa sana, hulegea, na mwishowe figo zake huharibika. Mwaka 2021 wenye mamlaka ya afya nchini Ufaransa walitoa onyo juu ya watoto wachanga waliopatwa na madhara kama hayo, wazazi wao wakiwa wametumia matone yenye nguvu kuliko walivyodhani.

Hata kwa watu wazima, kipimo kikubwa kwa mara moja si baraka. Huko Australia wanawake wazee 2,256 waligawanywa; nusu yao walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliopewa dawa walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wenzao! Na huko Marekani watu 25,871 walishiriki uchunguzi mkubwa wa kumeza yuniti 2,000 kila siku. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kwa watu wazima wenye afya dawa hiyo haikupunguza kuvunjika kwa mifupa. Vitamini humfaa aliyeipungukiwa. Kwa aliyetosheka haiongezi nguvu.

Basi kipimo cha kawaida ni kipi? Kwa mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja, yuniti 400 kwa siku, maana maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo. Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima, yuniti 600. Kwa mzee aliyepita miaka 70, yuniti 800. Ampuli moja yaweza kuwa na yuniti 100,000 au 200,000. Pigeni hesabu wenyewe: ampuli ya 200,000 ni sawa na siku 500 za kipimo cha mtoto mchanga. Hiyo si dawa ya kununuliwa kwa ushauri wa jirani.

La kufanya nyumbani

Watoto watolewe nje. Wengi huamini kwamba jua la alfajiri ndilo lenye vitamini. Sivyo. Tazama kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, miali inayotengeneza vitamini ni michache, kikiwa kifupi kuliko wewe, ipo kwa wingi. Hapa Goma hiyo ni karibu tangu saa tatu asubuhi hata saa tisa alasiri. Si lazima kuungua. Kucheza nje mikono na miguu ikiwa wazi kwatosha, na mtoto mchanga atolewe kwa dakika chache tu, kichwa chake kikiwa na kivuli. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halifai kwa kazi hii. Ndugu zetu wenye ualbino wasiingie katika shauri hili. Wao wajikinge na jua, na vitamini waipate kwa njia ya mganga.

Tena, tutazame sahani. Ziwa letu la Kivu lina sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959. Sambaza huliwa wazima, pamoja na mifupa yao, na humo ndimo ilimo kalsiamu. Mwaka 2015 watafiti wa Nigeria walieleza habari za watoto wenye matege waliopewa unga wa samaki wakavu pamoja na mifupa, na wengine waliopewa unga wa mawe ya chokaa: makundi yote mawili yalipata nafuu. Basi mama asiyeweza kununua maziwa kila siku aweza kuzitwanga sambaza kavu, akazichekecha, akatia unga wake katika uji wa mtoto. Mwenye kuweza anunue maziwa au jibini ya Masisi. Gilasi moja kubwa ya maziwa ina karibu miligramu 300. Mboga za majani nazo zina kalsiamu, ingawa mwili hauipokei yote.

Mwisho, tujue dalili. Watoto wengi huwa na miguu ya upinde mpaka miaka miwili, kisha hunyoka yenyewe. Hilo lisiwatie hofu. Lakini upinde ukizidi baada ya umri huo, au ukiwa mguu mmoja tu, au vifundo vya mikono vikivimba, au kukatokea vinundu mbavuni vilivyopangana kama shanga, ambavyo madaktari huviita rozari, mpelekeni mtoto hospitali mapema. Samaki mkunje angali mbichi: mfupa wa mtoto mdogo waweza kunyoka kwa chakula na dawa, wa mtoto mkubwa waweza kuhitaji kisu cha mpasuaji.

Turudi zahanatini. Mganga alimwandikia mama barua ya hospitali, mtoto apigwe picha ya mifupa na kupimwa damu, maana ampuli tatu zilikwisha kumezwa na ilifaa kujua zimefikia wapi. Kisha akamwambia maneno mawili ya kuwapelekea majirani: kwamba hakuna aliyemroga mtoto huyu, na kwamba fedha ya ampuli ya nne inatosha kununua sambaza.